Jina la Mjomba

Nina jina la mjomba wangu aliyekwenda vita vya Uganda akabaki hukohuko. Maiti yake haikuletwa, na bibi, aliyemzaa, hakukubali watu wakae matanga. Nilipozaliwa akanipa mimi jina hilo. Kwetu jina la marehemu huja na heshima zake, kwa hiyo mama yangu mzazi aliniita kaka. Hata akinichapa, alinichapa huku akiniita kaka. Majirani walicheka, nami nikazoea.

Nilipomaliza shule nilipata nafasi mbili: chuo cha ualimu pale Nachingwea, na jeshi. Moyo wangu ulikuwa jeshini. Kila asubuhi nilikimbia barabara ya Nambambo mpaka mbwa wa njiani wakachoka kunibwekea. Mama alisema mshika mbili moja humponyoka, niamue, ila kwanza niende Mandawa nikachukue radhi za bibi. Sikuwa na wasiwasi. Bibi hakuwahi kuninyima kitu.

Nilimkuta anapiga ufuta juu ya turubai. Nikamwamkia, nikachukua fungu na mimi nikaanza kukung'uta, na katika kukung'uta nikamweleza kuwa nimechagua jeshi. Hakushtuka. Alimaliza fungu lake, kisha akasema kwa Kimwera, polepole, akinitazama usoni:

"Unakwenda tena?"

Nikacheka, nikidhani ni utani wa jina. Yeye hakucheka.

"Mara ya kwanza nilikuruhusu," akasema. "Nikakusubiri mpaka ukazaliwa upya. Sasa nimezeeka, mwanangu. Safari hii sitaweza kusubiri."

Niliogopa, halafu nikakasirika. Nilitaka kumwambia mimi siye, kwamba yule alikufa zamani na kila mtu anajua. Lakini kusema hivyo kungekuwa kumuua mwanawe mbele ya macho yake, naye ameshika ufuta mkononi. Nikachukua fungu jingine. Nikaenda chuo.

Sasa mimi ni mwalimu. Watoto nawapenda na kazi siijutii, ila wanajeshi wakipita mchakamchaka wakiimba, siku hiyo nafundisha vibaya na nagomba ovyo. Hasira yangu sijui niipeleke kwa nani. Bibi hakunizuia mimi, alimzuia mwanawe, na ni haki yake.

Mwaka jana alilazwa Ruangwa, nikaenda na mama kumuuguza. Alikuwa amebaki mifupa. Akanishika mkono, akanishukuru kwa kutulia nyumbani safari hii. Kisha akauliza habari za mjukuu wake, yule kijana aliyekuwa akitaka jeshi, mbona haji kumwona.

Nikamgeukia mama anisaidie. Mama alikuwa ameinamisha uso, akikunja khanga ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Bibi alisubiri jibu, mkono wangu bado kaushikilia. Sijawahi kujionea huruma kama dakika ile.

"Alikwenda jeshini, mama," nikamwambia bibi. "Hajarudi."