Kahawa Yangu Imefungwa Kwenye Sasheti

Leo asubuhi nimefungiwa kahawa kwenye sasheti, kimfuko cha plastiki, kama mafuta ya mawese!

Nilikaa kwenye benchi la kahawa kando ya soko letu hapa Kasongo. Wanaume waliokaa pale walikuwa wanapanga kutuhamisha sisi akina mama wauza sombe, majani ya muhogo, twende nyuma ya soko, penye takataka. Nikaagiza kikombe.

Muuzaji akamimina kahawa kwenye sasheti, akaifunga fundo.

"Mama, beba ukanywee nyumbani. Hapa iko wanaume tu."

Mzee mmoja, andazi mdomoni, akadakia: "Bwana yako iko anajua uko hapa?"

"Anajua, baba. Iko anafua nguo."

Mzee akachovya andazi kwenye kikombe chake.

Vikombe vyao vyote vinasuuzwa kwenye beseni moja la maji meusi. Hayo hayawachukizi. Mdomo wangu ndio unawachukiza!

Nikaitoboa sasheti kwa meno, nikanywa palepale, nikawaambia: hatuhami.

Wakainuka mmoja mmoja, kahawa bado vikombeni. Hawakuamua kitu. Kumbe wanaweza kupanga maisha yetu, ila si mbele ya macho yetu. Kinyaa kitupu!

Wanaume mnaosoma hapa, nani kati yenu angebaki amekaa?