Siku Ambayo Rimu Haikulia

Otmar hakuwa na ng'ombe hata mmoja, lakini ng'ombe ndio waliomlisha. Kiwanja cha ndege cha misheni, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli kutoka Ushirombo, kilikuwa na majani mazuri kuliko mbuga zote za jirani, na ng'ombe hawana habari na ubao wa onyo. Kila ndege ya madaktari ilipotarajiwa, Otmar alishika nondo akaigonga rimu kuukuu ya lori iliyoning'inia mlangoni mwa stoo, ngwa! ngwa! ngwa!, kisha akawafukuza wanyama mpaka uwanja ukabaki mtupu. Wagonjwa kwenye baraza ya zahanati waliijua sauti ile. Ikilia tu, mama alimfunga mtoto mgongoni na mzee akatafuta fimbo yake, kwa maana daktari alikuwa karibu. Rubani naye alikuwa na mazoea yake: alizunguka mara moja juu ya kiwanja kukagua, ndipo akashuka.

Miaka tisa Otmar aliifanya kazi hiyo bila lawama. Lawama ilikuja mwaka wa themanini na nne.

Mwezi huo alikuwa na mgeni nyumbani. Mama mkwe wake, Bibi Anisia, aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka upande wa Kahama, siku mbili njiani, ili daktari wa macho amtoe mtoto wa jicho. Alikuwa hajaona kitu kwa miaka minne. Kwa desturi ya kwao mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja huingia porini. Lakini tangu bibi apofuke, Otmar alikuwa amelegea. Alipita mbele yake kwa kunyata, hata akamsogezea kigoda bila kusema neno, na kimoyomoyo aliona kwamba upofu ule umemrahisishia maisha.

Asubuhi ya siku ya ndege alifika Donatus, rafiki yake wa tangu shule, mnunuzi wa dhahabu wa Kalangalala. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa karibuni, naye alikuwa ametoka Nairobi. Alimvuta Otmar na Silvesta, fundi wa mashine ya kusaga, wakaingia stooni, akafunga mlango ili giza lipatikane. Kisha akatoa kisanduku chenye kioo, akatia mawe manne ya tochi.

Kioo kikang'aa kijani. Vyombo vidogo vya maadui, vilivyotoka nyota za mbali, vikaanza kushuka kwa safu huku vikilia kama vifaranga. Chini kabisa kulikuwa na mzinga mmoja tu wa kuilinda dunia.

"Piga, Baba Thobias, piga! Wanakushukia kichwani!" Donatus alimfokea Otmar kwa jina la mwanawe.

"Nitapigaje na kidole chako kiko kwenye kitufe changu?"

"Mkono huo umezoea nondo," Silvesta alicheka. "Wewe wafukuze ng'ombe, nyota waachie wenye akili."

"Akili zipi? Wewe si umekufa mara tatu kabla sijameza mate?"

Donatus alikuwa na rekodi ya pointi elfu tatu na mia moja. Otmar, zamu yake ya tano, alifika elfu mbili na mia nane, na roho mbili za mchezo zilikuwa zimebaki. Jasho lilimtiririka puani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na nane, na hakukumbuka lini mara ya mwisho alikuwa hodari wa jambo lolote mbele ya watu.

Silvesta aliinua kichwa. "Ndege hiyo."

Otmar aliisikia. Hilo ndilo lililomtafuna baadaye, kwamba aliisikia vizuri kabisa.

"Itazunguka kwanza," alisema bila kuinua macho. "Mzunguko mmoja unanitosha."

Ikazunguka. Akapoteza roho moja. Ikazunguka tena, naye akavuka elfu tatu na mia mbili. Donatus akapiga yowe, akamkumbatia, na hapo ndipo roho ya mwisho ilipokatika.

Alipofungua mlango, jua lilimpiga usoni. Ng'ombe zaidi ya ishirini walisimama katikati ya kiwanja wakicheua kwa raha zao. Ndege ilikuwa ikimaliza mzunguko wa tatu. Kutoka upande wa Kahama wingu zito la mvua lilikuwa linasogea. Otmar aliipita rimu bila kuigonga, akakimbilia kiwanjani akipiga kelele, lakini ndege ilikwisha kugeuza bawa kuelekea magharibi, ikawa nukta, ikapotea.

Sista Bernadina, msimamizi wa zahanati, alimkuta akihema.

"Kumetokea nini, Otmar?"

"Ng'ombe, Sista. Wameingia ghafla."

"Na lile wingu," mgonjwa mmoja alisema kwa huruma.

"Naam," Otmar alidakia. "Na wingu."

Mchana huo aliketi uani, nyuma ya ukuta wa jiko. Ndani walikuwamo mke wake, Coletha, na Bibi Anisia. Alimsikia bibi akisema polepole:

"Ndege niliisikia mara tatu, mwanangu. Rimu sikuisikia. Muulize mumeo, alikuwa mgonjwa?"

Coletha alitoka, mwiko mkononi, akasimama mbele yake.

Angeweza kusema alikuwa na homa. Angepikiwa uji.

"Nilikuwa nacheza," alisema kwa sauti ya kupenya ukuta. "Mchezo wa Donatus, wa kupiga vyombo vya angani. Ndege niliisikia. Sikutoka."

Jikoni chungu kikafurika. Kisha bibi akasema:

"Muulize kama alishinda."

Otmar alisahau desturi. "Nilishinda, Mayu," alimjibu mwenyewe, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Haya. Afadhali mmoja wetu aliona kitu."

Baada ya siku mbili mkokoteni ulimrudisha bibi Kahama. Otmar alimwendea Sista, akaeleza yote. Alitazamia kufukuzwa, lakini Sista alisema tu, "Ndege itarudi baada ya miezi mitatu," akaendelea kuhesabu bandeji.

Baada ya miezi mitatu bibi aliletwa tena. Siku hiyo rimu ililia tangu alfajiri hadi watoto wa zahanati wakaziba masikio. Ndege ilizunguka mara moja, ikatua. Daktari alifanya kazi yake, na baada ya siku chache bibi alifunguliwa bandeji, akapewa miwani minene.

Kesho yake Otmar alikuwa akitoka kisimani na ndoo begani, akitembea katikati ya njia kama alivyozoea siku za upofu wa bibi. Bibi Anisia alikuwa anakuja. Bibi ndiye aliyetangulia kumwona. Akajitanda kanga usoni, akageuka, akaingia katika mtama na kusimama huko, amempa mgongo.

Otmar alipita akiwa ameinamisha kichwa, maji yakimwagikia shingoni. Ilikuwa desturi, nayo ni ya wakwe wote. Lakini mpaka anafika nyumbani hakuweza kujua kama mama yule alikuwa ameificha sura yake kwa ajili ya desturi, au kwa ajili ya rimu ambayo haikulia.