Sufuria ya Mbaazi Niliyoikataa

Nakumbuka siku ya soko Kathonzweni, mwezi wa nane, wakati mbaazi mbichi zimejaa magunia na vidole vya akina mama vimegeuka kijani kwa kuzimenya. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nauza redio ndogo, tochi na betri, leo soko hili, kesho Matiliku, keshokutwa kwingine, kama ninavyofanya mpaka leo nikiwa nimepita arobaini. Mwanangu, nakuita hivyo kwa ruhusa yako. Sina niliyemzaa, na utaona kwa nini.

Siku hiyo alikuja muuza dawa, akapanda nyuma ya pikapu na kushika kipaza sauti.

"Wanaume wa Makueni!" alisema. "Asubuhi mbaazi, mchana ndengu, jioni maharagwe ya njahi. Mnajua kuna nini humo ndani? Homoni ya mwanamke! Inaitwa estrojeni. Kula hivyo miaka kumi, utaanza kufanana na shangazi yako!"

Watu walicheka sana. Mzee mmoja aliyeshika kamba ya mbuzi akamjibu, "Basi mimi ni nyanya yako, na nina watoto kumi na mmoja!"

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa na mke wangu Mwende miaka mitatu bila mtoto, na mama yangu alikuwa ameanza kutazama tumbo la Mwende kabla ya kumtazama usoni. Nilingoja watu wapungue, nikanunua dawa yake ya unga, nikaificha kwenye boksi la betri.

Nilipofika nyumbani Mwende alikuwa amepika mbaazi mbichi na mahindi, zimekaangwa kwa kitunguu na nyanya, jinsi ninavyopenda. Harufu ilinipokea mlangoni. Nikamwambia nimeshiba.

Kesho yake nikasema nimeshiba tena. Siku ya tatu pia.

"Leo pia?" akauliza.

"Nimekula sokoni."

"Hilo soko linapika kunishinda?"

Nikacheka kidogo, nikatoka nje kutengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Ningemwambia nini? Kwamba naogopa mbaazi? Kwamba naona huenda uanaume wangu unaniishia? Niliona aibu. Nikawa nakula mandazi na chai kwenye hoteli ya sokoni, na kila asubuhi nalamba kijiko cha unga wa yule mtu, mchungu kama mwarobaini.

Sasa hapa sikiliza vizuri, mwanangu, hasa kama hukuzaliwa upande wetu. Kwetu Ukambani mwanamume akikataa chakula cha mkewe, watu hawafikirii habari za homoni. Wanafikiria kamuti, ile dawa inayosemwa kwamba mwanamke huitia kwenye chakula amfunge mume asione mwingine. Na mke asiye na mtoto ndiye wa kwanza kushukiwa. Nilikuwa nimezaliwa na kulelewa hapo, nilijua yote hayo. Lakini nilikuwa nimeshughulika na mwili wangu mwenyewe hata nikasahau kwamba kuna mtu mwingine nyumbani.

Majirani hawakusahau. Walikuwa wananiona hotelini.

Ikafika wakati Mwende akabadilisha namna ya kunipakulia. Alikuwa anaweka sahani mezani, anachukua kijiko, anakula kwanza yeye, mara mbili au tatu, huku akinitazama. Halafu ananigeuzia upande wa sahani ambao hajaugusa. Alifanya hivyo siku nyingi, bila neno. Mimi nilifikiri ana njaa tu. Hata nilimwambia siku moja, "Kula yote, usiningoje." Alifunika sahani na kitambaa, akaenda kuketi jikoni.

Wiki iliyofuata nilirudi kutoka Matiliku nikakuta sufuria zimeoshwa zote na kupangwa kwa kuinamishwa, kubwa mpaka ndogo. Nguo zake hazikuwepo. Alikuwa amerudi kwao Kilungu.

Nilikaa wiki mbili nikijiambia atarudi. Kisha nikapanda zile njia za vilima kwenda kwao, nimebeba sukari na majani ya chai. Desturi yetu ni hii: mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Mama yake alipita nyuma ya ua akielekea mgombani, uso ameuelekeza kwingine, na mimi nikatazama viatu vyangu. Baba yake alinisalimia, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Nikabaki na nyanya yake tu, Susu Kalekye. Nyanya anaruhusiwa kukutania. Siku zote alikuwa ananiita mume wangu.

"Mume wangu," akasema, "umekonda. Kwani sumu ya mjukuu wangu ilikufikia?"

"Sumu gani, Susu?"

"Wewe ndiye utuambie. Umekataa sahani yake mwezi mzima. Kule kwenu wanawake wamemuuliza ni mganga gani aliyempa kamuti."

Nikamwambia yote: muuza dawa, mbaazi, homoni, ule unga. Susu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mbaazi!" akasema. "Babu yake Mwende alizikula mpaka meno yakaisha, kisha nikawa nampondea, na nilimzalia tisa! Mbona hizo homoni hazikumwona?"

Halafu akaacha kucheka.

"Umemwita mtoto wetu mchawi bila kufungua mdomo. Ungetukana ingekuwa afadhali. Tusi mtu hulijibu. Sasa shuka uende hospitali, upimwe wewe, kabla hujarudi hapa kumtafuta."

Nikashuka. Nilipimwa mara mbili, na aliyenipokea mara ya pili alikuwa daktari wa kike, mtulivu, hana haraka. Nilimweleza habari za muuza dawa na unga wake, nikamuuliza kuhusu mbaazi kabla hata sijakaa vizuri.

"Yule mtu hakudanganya yote," akasema. "Kuna vitu kwenye mimea vinavyofanana na estrojeni ya mwanamke. Soya inavyo vingi, na mikunde mingine inavyo kiasi. Lakini ni kama ufunguo wa jirani kwenye kufuli yako. Unaingia, unazunguka kidogo, basi. Mwanamume anayekula sahani yake ya kawaida haibiwi uanaume na mbaazi."

"Na mwanamke je?" Nilikuwa namfikiria mama, ambaye siku hizo alikuwa anaamka amelowa jasho.

"Wengine hedhi ikikoma wanasema soya inawapunguzia joto kidogo. Wengine hawaoni tofauti. Ni chakula kizuri, usikifanye dawa. Vidonge vilivyokamuliwa kutoka kwenye soya ndivyo vya kuuliza, kwa sababu vinabeba vitu hivyo kwa wingi kuliko sahani. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti asivimeze kabla ya kuongea na daktari wake. Na anayetumia dawa za tezi ya shingo asimeze kidonge chake pamoja na soya, inaweza kuizuia dawa isiingie vizuri mwilini."

Kisha akafungua karatasi yangu. Akaniuliza kama niliwahi kuugua matubwitubwi nikiwa kijana. Niliwahi, nikiwa kidato cha pili, nikavimba shingo, na baadaye nikavimba pale ambapo sikumwambia mtu.

"Huenda ni hapo," akasema. "Siwezi kuapa. Lakini mbegu za kiume hazipo, na mbaazi hazihusiki. Huo unga uache, hatujui una nini."

Kwa hiyo nilipanda Kilungu mara ya pili, mikono mitupu. Mwende alikuwa anapukuchua mahindi uani. Nikamwambia ni mimi. Nikamwambia nilikosa nini na nilificha nini.

"Ungeniambia ni wewe," akasema, "ningekaa. Si watoto walionileta kwako. Ningekaa hata tukiwa wawili mpaka tuzeeke."

"Basi turudi."

Akaendelea na gunzi lake mpaka likaisha punje.

"Nilikuwa naonja chakula changu mwenyewe mbele ya mume wangu," akasema. "Kila siku nilikuwa nangoja uniambie, Mwende, acha hiyo. Hukusema."

Nilirudi peke yangu, na muda si mrefu nikafunga ile nyumba, nikarudi kwenye masoko. Nasikia aliolewa upande wa Machakos na anaendelea vizuri. Nafurahi, kweli. Lakini kila mwezi wa nane zile mbaazi zikifika sokoni, natafuta kisingizio niende Kitui au Mwingi, kisha nafika huko nazikuta zimetangulia. Naagiza sahani. Mwenye hoteli ananiwekea mezani na kwenda zake. Hakuna anayeonja kwanza, hakuna anayetazama kama nimemaliza.

Siku hizi yule muuza dawa hahitaji pikapu. Yumo kwenye simu yako, mwanangu, anakwambia soya itakuotesha matiti, njahi zitamfunga mkeo asizae. Mara nyingine anachukua kitu kidogo cha kweli na kukivimbisha mpaka kikuogopeshe, halafu anakuuzia cha kupunguza uvimbe. Kula mbaazi zako, kula ndengu, kunywa soya ukiipenda, na uchanganye na mboga na vyakula vingine. Ukiona mtoto hapatikani, nendeni hospitali wawili, siku moja, mkae benchi moja. Usimtangulize mke apimwe kana kwamba yeye ndiye mshtakiwa. Na hofu yako iseme kwa sauti ndani ya nyumba yako, hata ikiwa ya kuchekesha. Mwende angenicheka, najua. Angecheka kama Susu, mpaka ashike mbavu, na ningekula nikiwa nimenuna, na leo ningekuwa na mtu.

Mungu akupe mwili wenye afya, mwanangu, na watoto ukiwataka. Asipokupa watoto, akupe mtu wa kukuuliza umekula nini leo, na akupe ulimi wa kumjibu ukweli. Ukirudi kwako jioni, na sufuria iko motoni, kaa chini ule.