Mlinzi Anayeomba Mbwa Akojoe

Jua bado halijapanda juu ya bati za ghala la mbao, na mlinzi amechuchumaa nyuma ya mbwa, kopo mkononi. Mbwa anainua mguu, mlinzi anasogeza kopo. Mbwa anashusha mguu, mlinzi anashusha pumzi.

"Shemeji, baba, jikaze," anambembeleza. "Matone mawili matatu tu."

Wapasua mbao wanaoingia kazini hawana huruma.

"Komando! Unakinga chai?"

"Usisahau sukari!" anadakia mwingine, na kicheko kinawasindikiza mpaka ndani.

Komando hacheki. Mkojo huu unakwenda kupimwa leo, kujua kama mawe yameanza kujijenga tena kwenye kibofu cha mbwa. Yakirudi, tajiri wa ghala, mwenye mbwa, ameshasema neno lake: hakuna upasuaji wa pili. Ni sindano ya kumlaza, asiamke.

Ukisikia jina la Komando utadhani ni mtu wa kuvunja mbavu za watu. Hajawahi kupiga hata mbu akampata. Jina alibandikwa na wapasua mbao siku alipomkimbia paka, na zaidi ya miaka kumi sasa limekataa kubanduka.

"Mwizi simwogopi sana," anasema. "Mwizi ni mtu, tutasemezana. Naogopa lile giza la kati ya marundo ya mbao. Shemeji akitangulia, namfuata. Asipotangulia, mimi humo natafuta nini?"

Jina la mbwa lilitoka kwa mke wa Komando, fundi cherehani asiyeinua macho anapoongea.

"Wanakesha pamoja, wanakula pamoja, wanasikilizana kuliko sisi," anasema, mguu ukiendelea kukanyaga. "Nikasema basi, huyu ni ndugu wa mume wangu. Na ndugu wa mume ni nani? Si shemeji?"

Mbwa wa lindo hufundishwa kula kwenye mkono wa mtu mmoja tu, ili mwizi asije akamtupia nyama yenye sumu. Shemeji hali ila kwa mkono wa Komando. Ndiyo ngao yake. Na ndiyo sababu, mambo yalipoharibika, Komando alikosa hata wa kumsingizia.

Yalianza mapema mwaka huu, alipoona mchanga wa chini ya ukuta umeiva wekundu pale mbwa alipojisaidia. Daktari wa mifugo, mama mwenye sauti ya chini kama anayemlaza mtoto, alipiga picha akaona vivuli vya mawe.

Akamweleza taratibu. Mawe ya mbwa hayafanani. Yapo yanayoyeyuka kwa dawa na chakula maalumu. Yapo yasiyoyeyuka hata ufanyeje. Hayo hutolewa kwa kisu, kisha chakula kingine husaidia yasirudi. Kila aina ina chakula chake kikavu, na cha huku hakifai kule.

"Subiri majibu ya vipimo," alimwambia. "Usibadilishe chakula kabla sijakwambia."

Lakini hofu haijui kusubiri. Komando alikwenda duka la vyakula vya mifugo, akasimama mbele ya mifuko miwili, yote imechorwa mbwa anayetabasamu kama aliyeshinda kesi. Muuzaji akauliza karatasi ya daktari. Komando akasema ipo nyumbani. Nyumbani haikuwepo wala haijawahi kuwepo.

Akanunua yote miwili, zaidi ya nusu ya mshahara wake. Akaimimina kwenye ndoo moja, akakoroga kwa mwiko.

"Niliona ndiyo akili," anasema, kichwa kimeinama. "Kama mawe ni ya huku, kinga yake ipo. Kama ni ya kule, nayo ipo. Nikasema namzingira adui pande zote."

Mkewe ana yake. "Mimi nikiumwa kichwa, naambiwa ninywe maji nilale. Shemeji kaumwa kibofu, likanunuliwa duka zima!"

Daktari hatanii. Chakula cha kuyeyusha huutia mkojo ukali, anasema, na ukali huo unaoyavunja mawe ya aina moja unaweza kuyanenepesha ya aina nyingine. Cha kuzuia nacho, kikipunguzwa nusu, hakizuii. "Siwezi kusema chakula ndicho kilicholeta balaa," anasema. "Ila nina hakika hakikumsaidia."

Balaa lenyewe lilikuja asubuhi moja. Shemeji alisimama ukutani, mguu juu, kisitoke kitu. Akahamia nguzo. Akahamia gurudumu la lori. Tumbo likakaza kama ngoma, na akaanza kulia sauti nyembamba ambayo Komando hakuwahi kuisikia kwa mbwa yule.

Alimpakia kwenye mkokoteni wa mbao akausukuma mwenyewe mpaka kliniki, machozi yanamtoka na watu wanampisha. Jiwe lilikuwa limeziba njia ya mkojo. Shemeji alipasuliwa siku hiyo hiyo.

Daktari alimwekea Komando mawe kiganjani: madogo, ya kahawia, yenye miiba.

"Madogo hivi?" aliuliza. Kisha akatafuta pa kukaa.

Majibu ya maabara yalisema ni aina isiyoyeyuka. Tangu hapo ni mfuko mmoja tu, peke yake, bila mfupa wala makombo ya mlinzi. Chakula hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu, ili mbwa anywe bila kujua kwamba anakunywa.

Na leo, baada ya kuzunguka ua mzima, Shemeji ameridhika na pipa la taka. Mkojo unagonga kopo. Komando anachungulia kwa jicho moja, la pili amelifumba. Njano hafifu. Hakuna wekundu.

Kliniki, anakaa ukingoni mwa benchi mpaka daktari anapotokea.

"Damu hakuna," anasema daktari. "Chembechembe za mawe bado zipo, chache. Hatubadilishi chakula. Ongeza maji, na mwezi ujao tupige picha."

Komando anasikia neno moja tu: zipo.

Dukani, rafu imepata mfuko mpya, mbwa wake anatabasamu kuliko wote. Mkono wa Komando unanyanyuka wenyewe. Unafika katikati, unasimama. Anaurudisha mfukoni kama aliyeungua.

"Nipe ule ule wa siku zote," anamwambia muuzaji. "Na huu mwingine ugeuzie ukutani, nisiuone."

Mpango wake ni mmoja. Siku ya picha, iwe nzuri iwe mbaya, atamfuata tajiri ofisini amwambie kwamba akimlaza Shemeji, atafute na mlinzi mwingine. Maneno hayo ameyafanyia mazoezi mbele ya mkewe, na mara zote mbili sauti ilimkauka.

"Ulimi utanigoma, najua," anasema. "Lakini miguu itakuwa imeshaingia ofisini."

Anamtazama mbwa akilamba bakuli mpaka maji ya mwisho.

"Wenzangu wanaomba nyumba, wanaomba magari. Mimi kila asubuhi naomba mkojo. Na ukitoka, naanza kuomba wa kesho."