Praima ya Kabati za Bi Badria

Siku ya kwanza Haruna kumwona Bi Badria, alichoona ni mkono tu. Ulichomoza kando ya pazia la chumba cha kulala, umekonda, hauna hina wala bangili, umeshika funguo za kabati. Bi Badria alikuwa kwenye eda. Mumewe, mzee Awadhi, alikuwa amezikwa mwezi mmoja nyuma, na mjane huyo hakutakiwa kuonana na wanaume wa nje mpaka itimie miezi minne na siku kumi.

"Shikamoo mama," alisema Haruna, ingawa naye alishaanza kuota mvi.

"Marahaba. Ndiyo wewe fundi rangi? Mbona hunijibu? Shadya kaniambia fundi hodari. Hakuniambia kama ni bubu."

Shadya, bintiye, akacheka huko jikoni. Haruna akatazama vidole vyake vya miguu. Tangu alipomaliza darasa la saba kwao Newala, maneno yalikuwa yakimfia kooni mbele za watu. Ndiyo maana aliipenda kazi ya rangi. Mbao haziulizi maswali.

Nyumba ilikuwa Mchafukoge, ghorofa ya tatu. Kabati za jikoni mzee Awadhi alizitengeneza mwenyewe kwa mbao za mninga na kuzipigilia ukutani, na miaka thelathini ya kukaanga sambusa za biashara ilikuwa imezitia weusi.

"Nashinda humu ndani kutwa kucha," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Kila nikienda kuchemsha chai naziona zile mbao nyeusi, naona kama jeneza limesimamishwa. Nipakie nyeupe. Ila nina pumu, fundi. Niletee rangi isiyonuka."

"Sawa mama."

Kariakoo, muuza rangi aitwaye Abdulswamad alimwekea mezani makopo mawili ya rangi ya kutangulizia. "Praima ya maji hii, hainuki. Hii ya mafuta inanuka, lakini inaziba. Mbao gani?"

"Mninga."

"Basi unajua mwenyewe."

Haruna alijua. Mninga una wekundu wake ndani. Ukiupaka praima ya maji, wekundu ule hupenya na kujitokeza juu ya rangi nyeupe. Mwaka uliopita kabati za bwana mmoja wa Ilala zilitoka madoa kama damu ya mbu, na bwana yule akamsimamisha mbele ya watoto wake, akamwita mwizi. Haruna alikusanya brashi zake. Alikwenda zake akiapa kwamba mninga hataupaka tena praima ya maji.

Akavuta kopo la mafuta.

"Mwenye nyumba akalale kwa ndugu siku tatu," Abdulswamad alisema. "Majiko ya ghorofani hayana hewa."

"Yuko kwenye eda, haruhusiwi kulala nje."

"Si wamuulize shehe? Dharura ina ruhusa yake. Waambie, bwana Haruna. Kinywa hakikodishwi, kusema ni bure!"

Alipanda ngazi akiyarudiarudia maneno ya kumwambia Bi Badria. Alipofika mlangoni hakubakiwa na hata moja.

Aliosha zile kabati kwa sabuni mpaka mafuta yakatoka, akapiga msasa. Milango aliing'oa, akaenda kuipaka praima juu ya paa, kwenye upepo. Lakini kabati zenyewe zilikuwa ukutani, hazing'oki. Akafungua dirisha la jiko, nalo linatazamana na ukuta wa jirani, kisha akafunua kopo.

"Fundi, mbona inanuka?"

"Kidogo tu, mama. Itaisha."

Ajabu, maneno hayo yalimtoka bila kukwama.

Siku hiyo alisikia kikohozi nyuma ya pazia. Akaongeza mwendo wa brashi, akijiambia kwamba akimaliza mapema, harufu nayo itakwisha mapema. Siku ya pili kikohozi kilikuwa kimekoma, na kifua cha mama kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Haruna alisimama mbele ya pazia, brashi mkononi. Akalitazama. Kisha akarudi jikoni kumalizia rafu ya chini.

Alasiri Shadya alikuja kumwangalia mama yake, akitoka Mchikichini alikokuwa akiuza viatu, akapita nyuma ya pazia, akapiga ukelele. Kichupa cha dawa ya pumu ya kuvuta kilikuwa kitupu.

Walimteremsha kwenye kiti cha jikoni, Haruna na jirani mmoja, Khalfani. Khalfani alishika nyuma. Haruna alishuka kinyumenyume, ameshika miguu ya mbele ya kiti, uso kwa uso na Bi Badria. Hapakuwa na pazia tena. Ulikuwa uso mdogo, midomo imeingia ubluu.

Kwenye ngazi za ghorofa ya pili koo la Haruna likafunguka.

"Mama, nilijua. Tangu dukani nilijua itakudhuru. Niliogopa madoa. Nikaogopa na kukuambia."

"Ulijua?" Shadya alilia nyuma yao. "Shehe anakaa nyumba ya tatu hapo! Angemruhusu akalale kwangu!"

Kabla ya magharibi Bi Badria alifariki, wodini, Shadya pekee akiwa kando yake. Kabati zile mpaka leo ni nyeupe, hazijatoa hata doa. Haruna huambiwa hivyo na watu, wakidhani wanamsifu.

Lakini pale kwenye ngazi Bi Badria alikuwa bado hai. Ule mkono usio na hina ukainuka, ukamgusa Haruna kwenye shati lenye matone ya rangi. Alivuta pumzi mara mbili ndipo akapata sauti.

"Ungeniambia tu, mwanangu. Madoa ningeyazoea."