Mbegu Ndani ya Blanketi la Viraka

Iko siku moja inayonijia, mwanangu, kila ninapokuona umeshika sindano. Ilikuwa asubuhi, nyumbani kwa bibi yangu, kijijini Ngulyati karibu na Bariadi, na mjomba Maduhu alikuwa amekuja kumchukua mdogo wangu Limbu aende kukaa naye Lamadi, kando ya ziwa. Mimi si mzee wa kuketi mbele ya watu na kutoa nasaha. Lakini aliyetangulia kuchomwa na mwiba anaweza kumwonyesha mwenzake ulipo.

Mama yetu alikuwa amefariki si muda mrefu. Tulipoondoa matanga, nguo zake nzuri ziligawiwa kwa ndugu, kama ilivyo desturi. Zilibaki zilizochanika, na hizo bibi alinipa mimi. Limbu alikuwa bado hajaanza shule. Kila jioni alichukua gauni moja kati ya zile, akalikumbatia, akaliweka puani, ndipo akalala. Ukimnyang'anya, hapati usingizi.

Mjomba aliposema anamchukua, kwa kuwa bibi hakuwa na nguvu za kutulea sote, nilijisemea moyoni: mtoto hawezi kwenda nyumba ya watu na tambara mkononi, watamcheka. Nitamshonea blanketi la viraka, alale ndani ya nguo za mama.

Nilitandika vipande kwenye mkeka, nikavihamisha huku na huku mpaka macho yakaridhika. Kitenge cha kijani ambacho mama alivaa kanisani nilikiweka katikati, khanga nyekundu ikakizunguka, vilivyopauka nikavipeleka miguuni. Lile gauni la Limbu nililikata mraba mkubwa, nikauweka upande wa kichwani, mahali pua yake itakapofika. Bibi alitazama akasema, "Hapo umeona mbali." Bibi hakuwa mtu wa kusifia, mwanangu. Nililewa sifa.

Ikabaki pamba ya kujaza ndani. Tulikuwa na pamba fifi, ile chafu inayokataliwa wakati wa kuuza. Bibi aliniagiza niitoe mbegu zote kwanza. Kutoa mbegu kwa vidole kunachosha, na siku ya mjomba ilikuwa imekaribia. Nilichambua juu juu, iliyobaki nikaijaza na mbegu zake. Nani atafumua aone? Nikapitisha mistari ya uzi kutoka juu hadi chini ili pamba isikimbilie pembeni, nikakunja pindo, likapendeza.

Asubuhi ile Limbu alijifunika pale pale uani, pua kwenye mraba wake, akagoma kutoka.

"Mpwa wangu, tunapanda basi, hatuendi kulala," mjomba alimtania. "Au nikubebe kama gunia la dagaa?"

Bibi, ambaye macho yake yalikuwa yameanza ukungu, alipitisha kiganja juu ya blanketi. Kiganja kikasimama mahali. Akaminya.

"Kabula, hii ni nini?"

"Ni pamba, bibi."

"Pamba haina mifupa."

Bibi akaminya tena, mbegu zikagongana.

"Huko anakokwenda wanaanika samaki, panya wamejaa. Mbegu ya pamba kwa panya ni karanga. Watalitafuna na mtoto yumo ndani." Akalivuta kutoka kwa Limbu. "Hili haliendi. Lifumue."

"Mayu, mwache tu nalo," mjomba alimsihi mama yake. "Basi litatuacha."

"Mchelea mwana kulia hulia yeye. Blanketi litafuata."

Limbu akaondoka analia. Na gauni lake nilikuwa nimeshalikata, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kushika.

Nilimkasirikia bibi. Kufumua kunauma kuliko kushona. Nguo kuukuu ukiichomoa uzi huacha matundu, matundu huwa mpasuko, nikawa nakata upya na kuunga upya. Mbegu zilizopasuka zilikuwa zimeacha madoa ya mafuta, ikabidi nifue kila kipande. Kisha mvua zikaanza, na jembe halisubiri sindano. Bibi naye akaugua. Nilipokunja pindo la mwisho, pamba ya msimu mpya ilikuwa imeshapasuka shambani.

Nikapanda basi kwenda Lamadi. Limbu aliniamkia vizuri, kama anavyoamkiwa mgeni. Sasa alikuwa akimwita mke wa mjomba "mama". Nilifungua blanketi, nikamwonyesha mraba wake. Akaweka pua kwa adabu, akakuta harufu ya sabuni.

"Hili ni la nani, dada?"

Alipotoka kwenda kucheza, mke wa mjomba alinisimulia. "Mwanzoni alikuwa anakwenda barabarani kila jioni. 'Basi la Bariadi limeleta blanketi langu?' Tunamwambia kesho. Halafu jioni moja hakwenda. Sisi tukashukuru, tukasema amezoea."

Alikuwa na blanketi la dukani, lenye picha ya simba. La kwangu walilitandika kwenye kochi. Hakuna panya aliyeligusa. Limbu sasa yuko sekondari, ananipigia simu sikukuu zikifika. Mama hamkumbuki.

Wazee walituachia methali mbili ambazo zamani niliziona zinagombana. Moja husema haraka haraka haina baraka, na nyingine, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Siku hizi naziona ni mzazi na mtoto, kwa sababu haraka yangu ndiyo iliyozaa kuchelewa kwangu. Bibi hakukosea. Lakini kazi mbovu haimuumizi aliyeifanya peke yake, hupita ikamuumiza anayengoja.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi inayongojwa na mtu ianze kwa ile sehemu isiyoonekana. Ukiona muda ni mfupi, punguza ukubwa wa kazi, usipunguze ukweli wake. Ningeshona dogo, la kufunika kifua tu, lenye pamba safi, Limbu angeondoka nalo. Na kitu ambacho mtu amekishikilia ili apate usingizi, hata kiwe tambara, usikikate mpaka utakachompa badala yake kiwe tayari mkononi.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe watu wa kuwafunika, na uwafikie wakiwa bado wanakungoja.