Maelezo Niliyoyafuta

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuona aibu. Kaka yangu, mwalimu wa hisabati kule Lugoba, aliandika skripti, yaani programu fupi, ya kukokotoa alama za wanafunzi. Katikati ya msimbo, yale maagizo ya kompyuta, alijaza maelezo ya kumsaidia msomaji, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikwere, pamoja na utani. Mimi, niliyejifunza kompyuta peke yangu hapa Zinga, nilitaka programu hiyo iingie kwenye mkusanyiko wa mtandaoni wa programu huria, ambazo yeyote anaweza kuzitumia na kuzirekebisha, lakini niliogopa wageni wangetucheka. Nikaibana skripti mpaka ikawa mstari mmoja usiosomeka, maelezo yote yakaondoka, nikatuma huo tu. Faili halisi alilonitumia nikalifuta, kwa kupenda usafi.

“Umeninyoa mpaka nyusi, mdogo wangu,” kaka alisema alipouona mstari huo.

“Wataalamu ndivyo wanavyofanya.”

“Haya, mtaalamu.”

Mwezi uliofuata alifariki ghafla. Tulikuwa bado kwenye msiba mkaguzi wa mkusanyiko aliponiandikia: hawapokei skripti iliyobanwa bila msimbo wake halisi, kwa sababu hakuna atakayeweza kuirekebisha. Baada ya arobaini nilimfuata mjane wa kaka.

“Shikamoo, shemeji. Kompyuta ya kaka iko wapi?”

“Marahaba. Ilikuwa ya shule. Wameisafisha, wamempa mwalimu mpya.” Akanitazama. “Kwani aliandika nini humo?”

Sikukumbuka hata utani mmoja. Nilimwambia ukweli, kwamba maneno yake niliyafuta mimi, naye akalia.

Programu ile haikupokelewa. Siku hizi kila ninachotuma kinakwenda na msimbo wake halisi, na maelezo ya mtu siyagusi.